Safu Nne za Alumini, Halafu? Uhakiki wa Rejeta za Kubadilishia za Datsun 240Z

Ukianza kutafuta rejeta mpya ya Datsun 240Z, utakutana na sifa zilezile nne, kwa muuzaji yeyote yule. Ni alumini tupu. Ina safu tatu, au nne. Inabeba maji mengi kuliko ya kiwandani. Inaingia palepale bila kukata wala kuchomelea. Picha inang'aa kama sufuria ya harusi, na chini yake kuna asilimia fulani ya "ubaridi zaidi" ambayo hakuna anayekueleza ilipimwa wapi, kwa upepo gani, na gari ikiwa inafanya nini.

Hapa kwetu huwa tunahakiki vitabu, filamu na madai ya dawa za miti shamba. Leo nahakiki hayo maneno manne. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: la kwanza karibu halihusiani na upoaji, la pili linapotosha, la tatu ni hesabu mbovu, na la nne ni kweli nusu. Na bado, rejeta yenyewe inaweza kuwa nzuri. Ndiyo maana inaudhi.

Kwanza, kwa nini gari hii? 240Z ilitengenezwa kati ya 1969 na 1973, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, boneti ndefu kama mdomo wa chuchunge. Nyingi ziliuzwa Marekani, na soko kubwa la spea zake liko huko hadi leo. Lakini sisi tuna haki ya kuizungumzia. Ilishinda East African Safari mara mbili: 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Yaani gari hii iliwahi kupita kwenye matope ya Pasaka na vumbi letu ikiwa na rejeta ya shaba. Kumbuka hilo mtu akikuambia rejeta ya shaba "haikuwahi kutosha".

Sasa cha hatari ni hiki. Bloku ya injini hiyo ni chuma cha kusubu, lakini silinda hedi ni alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi ya joto. Gari ikichemsha mara moja vibaya, hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye silinda, na gari ya miaka hamsini ambayo spea zake zinatafutwa kwa tochi inakaa gereji mwaka mzima. Mwenye gari aliyenunua rejeta ya kung'aa kwa tatizo ambalo halikuwa la rejeta anapoteza pesa mara mbili: ya rejeta, na ya hedi.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja ya nishati ya petroli inakuwa kazi, theluthi inatoka na moshi, na theluthi inaingia kwenye maji ya kupozea. Gari ndogo ikitembea barabara kuu kwa mwendo wa wastani inatumia kama kilowati 15 hadi 20 za kazi, kwa hiyo rejeta nayo inatakiwa kutupa joto la kiasi hichohicho. Kilowati 20 ni birika za umeme kumi zinazochemka kwa pamoja chini ya boneti yako. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye mlima, zidisha mara tatu au zaidi. Ukisimama kwenye foleni, mzigo unashuka sana, lakini upepo nao umekufa. Hizi ni hali tatu tofauti kabisa, na rejeta inayofanya vizuri kwenye moja inaweza kuboronga kwenye nyingine. Asilimia moja ya "ubaridi zaidi" haiwezi kuzibeba zote tatu.

Haya, alumini. Ubishi huu una pande mbili na zote mbili zinapiga kelele pembeni ya hoja. Wa shaba wanasema: shaba inapitisha joto vizuri zaidi. Ni kweli, shaba nyekundu ina kama wati 400 kwa mita kwa kelvini, alumini safi kama 235. Wa alumini wanajibu: lakini mirija ya rejeta ya zamani ni shaba njano, ambayo ni kama 110 hadi 120 tu, na imeunganishwa na mapezi kwa lehemu ya risasi na bati, kama 50. Nayo ni kweli. Shida ni kwamba ukuta wa mrija una unene wa sehemu ya milimita. Joto likitoka majini hadi hewani linavuka vizuizi vitatu mfululizo: kutoka maji kwenda ukutani, kupita ukuta, kisha kutoka mapezini kwenda hewani. Weka namba za kawaida za vitabu vya uhamishaji joto kwenye rejeta ya gari, utaona kizuizi cha hewa kinachukua sehemu kubwa mno, kama asilimia 85 au 90. Cha maji kinachukua karibu chote kilichobaki. Ukuta wa chuma, uwe shaba, uwe alumini, haufiki hata asilimia moja.

Yaani kubishania chuma ni sawa na kupanua barabara ya Ukunda ili watu wafike mjini Mombasa haraka, wakati foleni yote iko kwenye feri ya Likoni. Feri ni hewa. Chochote kisichoongeza hewa, au eneo ambalo hewa inaligusa, hakikusaidii kitu cha maana. (Kwenye mapezi, ambayo ni membamba na marefu, aina ya chuma ina uzito kidogo. Kidogo.)

Basi alumini inashinda kwa nini, maana viwanda vya magari viliihamia? Kwa uzito, kwanza: uzani wake ni kama 2.7 ukilinganisha na 8.9 ya shaba. Kwa gharama. Na kwa jambo moja la umbo ambalo matangazo hayalitaji kabisa ingawa ndilo la maana: mrija wa alumini unaweza kufanywa mpana. Mrija bapa wa shaba njano ukiupanua sana unavimba kwa shinikizo kama mkate kwenye tanuri, kwa hiyo ulibaki na upana wa milimita 13 hadi 16. Wa alumini unafika milimita 25 na kuzidi bila tabu.

Hapo ndipo hesabu ya safu inapoanguka. Chukua rejeta ya shaba ya safu tatu zenye mirija ya milimita 13: jumla ya upana unaogusa mapezi ni milimita 39. Chukua ya alumini ya safu mbili zenye mirija ya milimita 25: jumla ni 50. Safu mbili zimeshinda tatu. Tena kati ya safu na safu kuna pengo ambapo pezi halijagusa mrija wowote, na kila safu unayoongeza inaongeza pengo. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "safu nne" bila kukuambia upana wa mrija, amekuambia idadi ya mabasi bila kusema kama ni Coaster au vipanya.

Kuna zaidi. Hewa inapopita safu ya kwanza inapashwa moto. Inapofika ya pili tayari ina joto, na joto huhama kwa kufuata tofauti: maji yakiwa nyuzi 90 na hewa nyuzi 30, tofauti ni 60. Tuseme safu ya kwanza imekula nusu ya tofauti hiyo. Hewa sasa ni nyuzi 60, na imebaki tofauti ya 30. Safu ya pili ikila nusu, imebaki 15. Ya tatu, imebaki saba na kidogo. Safu ya nne inagombania makombo, na wakati huohuo unene wake unaizuia hewa kupita. Barabarani, kwenye kilomita 100 kwa saa, upepo una nguvu ya kutosha kusukuma. Kwenye foleni, feni peke yake ndiyo inavuta, na rejeta nene inaweza kukuacha na hewa pungufu kuliko ile nyembamba uliyoitoa. Hiki ndicho kinachowashangaza watu: wamenunua rejeta kubwa, gari imetulia kwenye barabara kuu, halafu inachemsha kwenye taa. Ukipata nafasi ya kuchagua, ongeza upana na kimo cha uso unaopokea upepo, si unene. Kwenye pua ya 240Z nafasi hiyo ni finyu, na ndiyo maana wauzaji wanakimbilia unene. Ndio upande pekee uliobaki wazi.

Maji mengi tutayamaliza haraka. Lita moja zaidi ya maji ikipanda nyuzi 20 inameza kilojuli 84 hivi. Kwa mzigo wa kilowati 20, hizo ni sekunde nne. Umenunua sekunde nne, basi.

Na kuna dai la tano ambalo halipo kwenye matangazo ila lipo kwenye kila gereji: kwamba maji yakipita taratibu ndani ya rejeta "yanapata muda wa kupoa". Linasikika vizuri, na fundi mzee akikuambia unaona aibu kubisha. Lakini fanya hesabu. Kilowati 20 zikibebwa na lita moja ya maji kwa sekunde, maji yanatoka yakiwa yamepungua kama nyuzi tano. Punguza mwendo uwe nusu lita, yanatoka yamepungua kumi. Ukishika mpira wa chini utasema, "Ona, maji ya baridi!" Ila ni nusu ya maji, na joto lililotupwa ni lilelile. Upande wa injini nao sasa una pengo la nyuzi kumi kati ya maingilio na matokeo badala ya tano, kwa hiyo sehemu ya juu ya hedi inapata moto zaidi. Taratibu haikusaidii.

Imani hii ina mtoto wake, naye ni kutoa thamostati kwa sababu "Afrika ni joto". Msomaji, thamostati ikishafunguka kabisa haizuii upoaji wa maana. Kazi yake ni kuhakikisha injini inafika joto lake la kazi, tuseme nyuzi 82, na kukaa hapo. Kwenye baadhi ya injini ina kazi ya pili: kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejetani. Ukiitoa kwenye injini ya aina hiyo, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani na haionji upepo kabisa. Hapo umetoa kifaa ili gari ipoe na umesababisha ichemshe. Kumbe hata ukiwa na rejeta ya ajabu kiasi gani, kama thamostati ni nzima na rejeta ya zamani ilikuwa inatosha, sindano ya geji haitashuka hata kidogo. Thamostati itajifunga zaidi, kwisha. Rejeta kubwa inakuongezea akiba. Haikupi injini ya baridi zaidi, na hutaki injini ya baridi zaidi.

Nitoke nje ya mstari kidogo, kwa walio Nairobi na Mombasa wanaobishana gari ya nani inateseka zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ukilinganisha mchana wa nyuzi 22 Nairobi na wa nyuzi 32 Mombasa, hewa ya Nairobi ina uzito kama asilimia 84 ya ile ya pwani. Lakini tofauti kati ya maji ya nyuzi 90 na hewa ni 68 Nairobi na 58 Mombasa, ambayo ni zaidi kwa asilimia 17. Zidisha, karibu zinafutana. Pale Nairobi inapopoteza ni kwenye kuchemka: maji wazi yanachemka kama nyuzi 94 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima, cha baa 0.9, kinapandisha kiwango hicho hadi kama 115 Nairobi na 119 pwani. Kikiwa kimechoka, mpira wake umekauka, umebaki na 94. Kifuniko kipya ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo mzima, na watu wanabadilisha rejeta na kukirudisha kilekile cha zamani juu yake.

Turudi kwenye sifa ya nne, "inaingia palepale". Matundu ya bolti yatalingana, sikatai. Lakini rejeta nene inasogea kuelekea feni ya injini, na nafasi pale ni ya vidole tu. Kinachofuata nakijua na wewe unakijua: kava la feni, ile pete inayozunguka feni ili ivute hewa kupitia uso mzima wa rejeta, linatolewa kwa sababu halitoshei. Bila kava, feni inavuta duara moja katikati na kuzungusha hewa ya moto ileile pembeni. Umebadilisha rejeta, na papo hapo umeharibu mfumo wa hewa. Wengine wanatoa feni ya injini kabisa na kufunga mbili za umeme, wakizifunga kwa zile nyuzi za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi na kusugua mirija kila gari inapotikisika. Feni mbili kubwa zinaweza kula ampea 20 hadi 30. Altaneta ya 1971 haikubuniwa kwa mzigo huo pamoja na taa. Na ujazo wa hewa ulioandikwa kwenye boksi kwa kawaida umepimwa feni ikiwa peke yake hewani, haina rejeta mbele yake. Kitu kilekile tena: namba iliyopimwa mahali ambapo gari yako haitawahi kuwepo.

Je, nani anunue basi? Kabla ya yote, uliza gari inachemsha lini. Ikichemsha imesimama na kupoa ikitembea, tatizo ni hewa: feni, klachi ya feni, kava, mapezi yaliyojaa wadudu na udongo. Ikichemsha kwenye mwendo kasi au mlimani, angalia rejeta iliyoziba, pampu, mpira wa chini unaojikunja kwa mvuto, taimingi iliyochelewa, kabureta zinazotoa mchanganyiko mwepesi. Ukiwasha injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, ukaona mapovu yasiyokoma, huenda gasketi imeshaachia na rejeta yoyote ni bure. (Ikiwa ya moto usiguse kifuniko. Hata kama una haraka.) Kipimajoto cha kulenga kwa mwanga, kile kidogo kama bastola, kitakuonyesha kama kuna sehemu za baridi kwenye uso wa rejeta wakati sehemu nyingine ni moto. Hapo mirija imeziba.

Ikithibitika rejeta ya shaba imekufa, una njia mbili. Ya kwanza ni kuwekewa kiini kipya na kubaki na matangi ya asili. Naipendelea, na sababu si mapenzi ya vitu vya kale. Rejeta ya shaba ikitoboka njiani, fundi wa jua kali mwenye moto na lehemu anaiziba nawe unaendelea na safari. Alumini inahitaji mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni na mkono uliotulia, na ukuta ule mwembamba unayeyuka mbele ya macho yako. Pia shaba inavumilia kidogo uzembe wetu wa kujaza maji ya bomba. Alumini haivumilii. Ukiijaza maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, pamoja na bloku ya chuma upande wa pili, umejenga betri, na kinacholiwa ni rejeta. Itatoboka kwa vitobo kama vya sindano. Lazima kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, na ibadilishwe kwa wakati.

Njia ya pili, kama kiini cha shaba hakipatikani, au gari inashindana na kila kilo ina maana, ni alumini. Safu mbili za mirija mipana, unene wa wastani, viungo vilivyounganishwa kwa tanuri na si kwa gundi, na masikio ya kufungia kava la asili. Kama ni ya barabara za vumbi na matope, chukua yenye mapezi yaliyoachana kidogo. Yaliyobanana yanashinda kwenye maabara safi, kisha yanaziba kwenye kilomita 10 za kwanza za tope, na yakiziba huwezi kuyaosha kwa presha bila kuyalaza.

Muulize muuzaji vitu vitatu tu: upana wa mrija kwa milimita, unene wa kiini, na kama kava la feni la kiwandani linafunga. Akijibu kwa namba, mna mazungumzo. Akikujibu "safu nne", mwambie asante na uendelee kutafuta.